Kuku Mzima Mwenye Ugonjwa: Jinsi ya Kuzuia Salmonela Katika Mabanda ya Kuku wa Nyama



Mtu akimwona kuku aliyelegeza mabawa, macho yamefumba na kinyesi kinamchuruzika, hahitaji kuambiwa kwamba ndege huyo ni mgonjwa. Atamtenga na wenzake, atamwita bwana wa mifugo, au walau atakataa kumla. Walakini kuku tutakayemzungumzia leo siye huyo. Huyu ni kuku mzima, kifua kimejaa, manyoya yanang'aa, anakula na kunywa kama wenziwe. Nao ugonjwa alionao haumdhuru yeye, bali humngoja yule atakayemla. Kijidudu chenyewe huitwa salmonela. Twajua kwamba wengi wenu hufuga kuku wa nyama kwa biashara, huyu mia mbili, huyu elfu kumi, na wasiofuga hununua. Basi mazungumzo haya yanawahusu wote.

Tuanze na jambo lililotupata sisi wenyewe, maana si haki kumfundisha jirani usafi na kuficha taka zetu. Katika chuo cha ualimu tunapofundisha palikuwa na banda la kuku wa nyama 300, wakitunzwa na wanafunzi kuwa sehemu ya masomo ya kilimo. Tulijisifu sana kwa kuku wale. Jumamosi moja ya sikukuu ya chuo, wiki moja kabla ya mitihani ya mwisho, tulichinja kuku wa kuwatosha wote. Jumapili jioni wanafunzi wakaanza kushikwa na tumbo, wakaharisha, wakapatwa na homa na maumivu ya kichwa. Kufika Jumatatu walikuwa 31. Kinyesi chao kilipopimwa hospitalini ikaonekana salmonela.

Mpishi wetu, mzee mwaminifu, alisikitika sana. Akatuambia, "Walimu wangu, nyama ile niliichemsha hata ikaachana na mfupa." Naye alisema kweli. Ila wasaidizi wake waliwakata kuku wabichi juu ya ubao, kisha juu ya ubao uleule, uliopanguswa tu kwa kitambaa, wakakata nyanya na vitunguu vya kachumbari. Nyama iliiva, kachumbari haikupita motoni.

Bwana daktari wa mifugo alipofika hakutazama jikoni tu. Alivaa soksi za kitambaa kilicholoweshwa juu ya mabuti yake, akatembea banda zima toka pembe hata pembe, akazipeleka soksi zile zikapimwe. Akaokota pia vinyesi vya panya katika stoo ya chakula. Kijidudu cha aina moja kikaonekana kwa wanafunzi, katika maranda ya banda, na katika vinyesi vya panya. Tena kijidudu kile hakikufa kwa dawa ileile ambayo sisi, kwa kushauriwa na muuza duka, tulikuwa tukiitia katika maji ya kuku kila wiki "ili wakue upesi." Kwa rehema za Mungu wote walipona. Lakini binti mmoja, ambaye salmonela iliingia katika damu yake, hakusaidiwa na dawa ya kwanza aliyopewa, akalala hospitalini majuma matatu, akakosa mitihani yake, akangoja mwaka mzima kabla ya kuwa mwalimu. Hayo ndiyo malipo ya uzembe wetu, na aliyelipa si sisi.

SALMONELA NI NINI?

Salmonela ni bakteria, yaani kiumbe kidogo mno kisichoonekana ila kwa hadubini. Mwaka 1885 mtaalamu wa Marekani aliyeitwa Theobald Smith alikipata katika nguruwe, naye alikuwa akifanya kazi chini ya daktari wa mifugo Daniel Elmer Salmon. Ndipo baadaye kijidudu kikapewa jina la mkubwa wake. Leo zinajulikana aina zaidi ya 2,500, nazo hazifanani tabia. Kwa faida yetu tuzigawe mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni ile iletayo homa ya matumbo, iitwayo Typhi. Hiyo hukaa kwa binadamu tu, wala haitoki kwa kuku. Twalisema hili kwa kuwa watu wengi huchanganya mambo, wakadhani kila mwenye salmonela ana homa ya matumbo.

Fungu la pili ni zile ziuazo kuku, lakini haziwasumbui sana watu. Miongoni mwazo ni Gallinarum, iletayo homa ya matumbo ya kuku, na Pullorum, iharishayo vifaranga kinyesi cheupe. Mwaka 1899 Mmarekani Leo Rettger alieleza habari za Pullorum, na baadaye ikajulikana kwamba hupita kutoka kwa mama hata kwa kifaranga ndani ya yai. Siku hizo kundi la vifaranga liliweza kufa karibu lote. Mwaka 1935 Wamarekani walianza mpango wa taifa wa kupima damu ya kuku wazazi na kuwaondoa wenye ugonjwa. Na kwa njia hiyo Pullorum ikatoweka karibu kabisa katika mashamba yao makubwa. Tulishike fundisho hili: atakaye kifaranga safi na aanze kwa mama yake.

Fungu la tatu ndilo tunaloshughulika nalo leo. Ndani yake zimo Enteritidis, Typhimurium, Infantis na nyingine nyingi. Hizi hukaa katika utumbo wa kuku, hasa katika zile ncha mbili zilizozibika za utumbo, bila kumwumiza. Kuku huzitoa kwa kinyesi. Kinyesi hushika manyoya na miguu. Na wakati wa kuchinja hushika nyama.

Mtu akizila, aghalabu huanza kuumwa baada ya saa 6 hata siku 6. Walio wengi hupona kwa siku 4 hadi 7, wakipewa maji ya kutosha. Lakini watoto wachanga, wazee, na watu waliodhoofika kwa maradhi mengine huweza kupatwa na hatari kubwa, kwa maana kijidudu huvuka utumbo kikaingia katika damu. Katika Afrika jambo hili limeonekana sana kwa watoto waliodhoofishwa na malaria au kwa kukosa lishe, na kwa watu wenye virusi vya UKIMWI. Si maambukizo hayo yote yanayotoka kwa kuku, kwani mengine hupita kati ya mtu na mtu. Lakini mfugaji hana ruhusa ya kuyaongeza.

KWA NINI KIFARANGA WA MASHINE NI DHAIFU?

Kifaranga aliyeanguliwa chini ya mama yake hudonoadonoa mahali mama alipokunya, na kwa tendo hilo tusilolipenda kwa macho hupata bakteria wema wengi wa kukaa tumboni mwake. Wema hao wakijaa, adui hana kiti. Bali kifaranga wa mashine huzaliwa yatima. Tumbo lake ni nyumba tupu iliyo wazi. Katika siku zake za kwanza hata chembe chache sana za salmonela, pengine zisizofika 10, zatosha kuingia na kukaa.

Jambo hili lilielezwa vizuri kutoka nchi ya Finland. Mwaka 1971 kuku wa nyama wa huko walienea salmonela ya aina ya Infantis. Wataalamu wawili, Nurmi na Rantala, walichukua vilivyomo tumboni mwa kuku wakubwa wenye afya wakawapa vifaranga, wakaona vifaranga wale wanaistahimili salmonela kuliko wenzao. Walitangaza habari hiyo mwaka 1973, na tangu hapo zimetengenezwa dawa za bakteria wema ambazo hupewa vifaranga siku ya kwanza. Tahadhari: mtu asichukue kinyesi cha jogoo wa uani akawapa vifaranga wake kwa kuiga wataalamu hawa. Jogoo yule aweza kuwa na magonjwa mengine. Bakteria hao wema hununuliwa wakiwa wamekwisha kupimwa.

MFANO WA NCHI ILIYOAMUA

Katika majira ya joto ya mwaka 1953 watu wapata 9,000 nchini Sweden waliugua salmonela ya Typhimurium, na wapata 90 wakafa. Chanzo kilikuwa nyama iliyotoka katika machinjio ya mji wa Alvesta. Nyama ile haikuwa ya kuku, lakini Waswidi hawakusema, "Hilo ni la nyama nyingine." Tangu wakati ule walijenga kidogo kidogo ulinzi wa mnyororo mzima: chakula cha kuku kipikwe kwa moto, kuku wazazi wapimwe, kila kundi la kuku wa nyama lipimwe kabla ya kuchinjwa, na kundi lenye salmonela liharibiwe. Leo salmonela katika kuku wa Sweden ni jambo la nadra.

Baadaye nchi za Umoja wa Ulaya zilitunga sheria ya pamoja mwaka 2003. Kwa kuku wa nyama ziliweka lengo kwamba, ifikapo mwisho wa mwaka 2011, makundi yenye Enteritidis au Typhimurium yasizidi 1 katika kila 100. Twayataja haya ili msikilizaji asidhani kwamba salmonela ni kama mvua, haizuiliki. Yazuilika, ila haizuiwi kwa dawa moja ya ajabu, bali kwa kuifunga milango yote ambayo huingilia. Sasa na tuipitie milango hiyo mmoja mmoja, kwa kufuata maisha ya kuku.

MLANGO WA KWANZA: VIFARANGA

Nunua vifaranga kwa mtotoleshaji anayepima kuku wake wazazi, wala usione haya kumwuliza. Mwulize, "Bwana, wazazi wa vifaranga hawa walipimwa salmonela lini? Walichanjwa?" Kuku mzazi mmoja huzaa vifaranga wengi, akiwa na salmonela, uchafu huingia katika mashine ya kutotolesha, na upepo wa mashine husambaza vumbi la manyoya kwa vifaranga maelfu kwa siku moja. Ndiyo maana chanjo hupewa hasa kuku wazazi na kuku wa mayai. Kuku wa nyama huishi majuma matano au sita tu, na kwa muda mfupi hivyo chanjo yake aghalabu hailipi. Ulinzi wake ni mama safi na banda safi.

MLANGO WA PILI: BANDA LENYEWE

Kanuni kubwa ya kuku wa nyama ni hii: wote waingie siku moja, wote watoke siku moja. Anayechanganya vifaranga wapya na kuku wa zamani huwarithisha wapya maradhi ya wazee.

Kundi likitoka, fanya kazi kwa utaratibu huu. Kwanza ondoa maranda yote, wala usibakize hata debe moja, uyapeleke mbali na banda. Pili fagia vumbi la dari, la nyavu na la madirisha. Tatu osha kwa maji na sabuni, sakafu, kuta, vyombo vya chakula na vya maji. Nne acha pakauke kabisa. Tano ndipo upulize dawa ya kuua vijidudu, kwa kipimo kilichoandikwa katika chupa. Sita acha banda lipumzike wiki mbili, limefungwa ndege na panya wasiingie.

Wengi hukosea kwa kuruka kutoka hatua ya kwanza hata ya tano. Hununua dawa ya bei kubwa wakaipuliza juu ya kinyesi. Dawa nyingi hushindwa na uchafu: huishia katika kinyesi kabla ya kumfikia kijidudu. Na sakafu ikiwa imejaa maji, dawa huzimuliwa ikapungua nguvu. Ajabu ya salmonela ni uvumilivu wake. Katika vumbi kavu huweza kuishi miezi mingi ikingoja tumbo la kuingia.

MLANGO WA TATU: CHAKULA

Unga wa samaki, dagaa, unga wa mifupa na mashudu huweza kubeba salmonela. Katika viwanda vizuri chakula hupashwa moto. Waswidi hutaka kifike nyuzi 75 za Selsiasi au zaidi. Moto huua vijidudu, ila haukilindi chakula baada ya hapo. Chakula kilichopikwa kikamwagwa juu ya sakafu chafu, au kikawekwa katika magunia ya zamani, au kikafikiwa na panya, huchafuka upya. Kwa hiyo wataalamu huongeza humo asidi kama ya fomiki au ya propioniki, ambazo humzuia kijidudu asirudi. Wewe mfugaji weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, katika stoo yenye mlango unaofunga; ukikuta gunia limelowa au limetobolewa, usilipeleke bandani.

MLANGO WA NNE: MAJI

Maji ya mto au ya dimbwi ambalo ng'ombe na ndege hunywa si maji ya vifaranga. Tumia maji ya bomba au ya kisima kilichofunikwa, na kama yanatiwa klorini, itiwe kwa kipimo. Vyombo vilivyo wazi huchafuliwa kwa miguu na vinyesi, basi vioshwe kila siku. Mwenye uwezo na atumie mabomba ya chuchu, ambayo kuku hudonoa tone kwa tone; hayo hayamwagi maji chini, na maranda makavu hayampendezi kijidudu kama maranda yaliyolowa.

MLANGO WA TANO: PANYA NA WADUDU

Hapa ndipo tuliposhindwa sisi. Panya walikaa stooni tangu makundi mawili yaliyotangulia. Tulikuwa tukibadilisha vifaranga bila kubadilisha panya. Punje moja ya kinyesi cha panya huweza kubeba vijidudu laki moja na zaidi, na kifaranga huidonoa akidhani ni punje ya chakula. Panya mmoja akiachwa, banda lililooshwa wiki mbili huchafuka usiku mmoja. Ziba matundu kwa saruji na wavu wa chuma, fyeka majani kuzunguka banda, zoa chakula kilichomwagika kila jioni, na utege mitego daima, siyo siku umwonapo panya tu.

Wako pia vidudu vyeusi vidogo vyenye magamba magumu, vikaavyo ndani ya maranda na nyufa za kuta. Kuku hupenda kuvila. Kundi likitoka vidudu hivyo hujificha nyufani, na kundi jipya likija hutoka na salmonela ya zamani. Nao inzi kadhalika. Kwa hiyo nyufa zizibwe, na maranda ya zamani yasilundikwe karibu na banda.

MLANGO WA SITA: SISI WENYEWE

Kikulacho ki nguoni mwako. Mgeni anayeleta salmonela mara nyingi ni mwenye banda, naye huileta chini ya viatu. Weka mabuti ya mpira na koti la kazi mlangoni, visivyovaliwa mahali pengine popote. Weka kizuizi cha ubao ndani ya mlango: upande huu viatu vya nje, upande huu viatu vya ndani. Nawa mikono kwa sabuni. Beseni la dawa ya kukanyagia lafaa ikiwa dawa hubadilishwa kila siku na viatu vimekwisha kusuguliwa tope; beseni lenye tope la juzi ni pambo tu. Ukiwa na mabanda mengi, anza kwa vifaranga wadogo, umalizie kwa wakubwa, usirudi nyuma. Na wageni wanaotaka kutazama kuku wako watazame dirishani. Hasa wafanya biashara wapitao banda hata banda na matenga yao.

JUU YA DAWA

Mtu atasema, "Mbona mwatuchosha kwa mifagio? Si ziko dawa za kuua bakteria?" Twamjibu kwa mambo matatu. Kwanza, dawa hizo hazifuti salmonela katika kundi. Huipunguza ikajificha, na dawa ikikoma hurudi. Pili, huwaua wale bakteria wema ambao ndio walinzi wa kuku. Tatu, nalo ndilo kubwa, huwafundisha vijidudu kuzoea dawa, hata siku dawa hiyo inapohitajika kwa mtoto wa mtu ikawa kama maji. Sweden ilikataza dawa hizo kutumiwa kwa kukuzia mifugo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya mwaka 2006; tena Umoja huo ulikataza kuzitumia kuwa njia ya kuzuia salmonela katika kuku. Kuku wakiugua kweli, daktari wa mifugo ndiye wa kuamua dawa, na siku za kungoja kabla ya kuchinja zihesabiwe kwa uaminifu.

KUPIMA, NA KUPELEKA MACHINJIONI

Kwa kuwa kuku hawaonyeshi dalili, asiyepima hajui. Njia ni ileile aliyoitumia bwana daktari chuoni kwetu: soksi za kitambaa juu ya mabuti, kutembea banda lote, kisha kuzipeleka maabara. Huko Ulaya hufanywa katika majuma matatu ya mwisho kabla ya kuchinja, kwa jozi mbili za soksi. Hiyo ni kazi ya nusu saa. Kundi likionekana na salmonela, machinjio yaambiwe mapema, ili kuku hao wachinjwe mwisho wa siku, baada ya kuku safi, na vyombo vioshwe sana baadaye. Mfugaji anayeficha jibu la maabara huuza maradhi kwa kilo.

Usiku wa kuwakamata pana hatari nyingine. Kuku huondolewa chakula saa 8 hata 12 kabla ya kuchinjwa, ili tumbo lipungue lisipasuke. Lakini wakikosa chakula huanza kudonoa maranda, na salmonela hujaa katika kile kifuko cha shingoni. Basi maji yasiondolewe mapema, wala njaa isizidishwe. Matenga nayo yaoshwe na kukaushwa kila safari. Kundi lililotunzwa majuma sita kwa jasho huweza kuchafuliwa kwa saa mbili ndani ya tenga lenye kinyesi cha kuku wa jana.

Anayechinja na atumie maji safi ya moto ya kunyonyolea, ayabadilishe mara kwa mara, atoe matumbo asiyapasue, kisha aipoze nyama upesi chini ya nyuzi 5, maana katika joto la kawaida la nchi zetu salmonela huongezeka saa kwa saa.

MLANGO WA MWISHO: JIKONI

Akina mama na wapishi, ninyi ndio askari wa mwisho, lakini msiachiwe vita peke yenu. Kuku mbichi asioshwe kwa kumiminiwa maji kwa nguvu, kwani matone huruka hata kwenye vyombo na mboga. Awe na ubao wake na kisu chake. Mikono inawiwe kwa sabuni baada ya kumshika. Apikwe hata nyama iliyo karibu na mfupa ifike nyuzi 74, isiwe na wekundu. Na kachumbari ikatwe kwanza, kabla kuku hajatolewa katika kikapu.

Wasikilizaji wetu, huenda mfugaji mdogo akauliza aanze wapi ikiwa fedha zake ni chache. Twamjibu kwa yale tuliyoyafanya chuoni. Hatukununua mashine yoyote. Tulitoa maranda yote, tukasugua banda kwa sabuni, tukaliacha tupu wiki mbili. Tukaziba matundu ya panya kwa mfuko mmoja wa saruji. Tukanunua jozi mbili za mabuti yasiyotoka bandani. Tukaacha kabisa dawa ya muuza duka. Na tukambadilisha mwuza vifaranga. Soksi zilizopimwa katika kundi lililofuata, na lililofuata hilo, hazikuonyesha salmonela. Mpishi wetu alipata mbao mbili, moja ameichora alama nyekundu kwa ajili ya nyama mbichi, wala hamruhusu mtu kuigusa bila kuuliza.

Yule binti alifanya mitihani yake mwaka uliofuata, akashinda. Siku hizi anafundisha watoto wa darasa la tatu, na shule yake ina banda dogo la kuku. Alituandikia barua akitaka tumpelekee utaratibu wa kuosha banda, hatua zote sita. Tulimpelekea, nasi tumeuandika hapa juu ili kila asiyeusikia vema aupate na kuubandika mlangoni mwa banda lake.

Kwaherini.